Presha Isiyo Kosa Langu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumanne jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo umekubali kunyooka, au bado unatembea kama mtu aliyeangusha sindano? Mimi mzima, ila magoti yamegoma.

Kwanza ujue kaka yako sasa ni daktari. Nikipita korido ya kliniki, watu wananipisha. Haya, nimedanganya. Wananipisha kwa sababu ya mkongojo, na mfagiaji huniambia ninyanyue miguu hata salamu hanipi. Nilichosomea ni kukaa benchi la kungojea tu.

Ni habari ya mjukuu wetu, yule mchumba wangu aliyeibwa na fundi seremala. Mimba imeingia mwezi wa saba na presha imempanda. Mama yake unajua alivyotutoka: presha hiyohiyo, kikaja kifafa cha mimba, akatuachia huyu mikononi. Ndiyo maana sikosi kliniki, na usingizi nimeusahau.

Leo muuguzi alimfunga mkanda wa presha, nami nikawa namsimulia jinsi mumewe alivyounda kitanda cha mtoto, kikakataa kupita mlangoni. Akacheka hadi machozi. Muuguzi akanitazama.

"Babu, toka nje. Unamchekesha, presha inapanda."

Nilitoka, na nikwambie kweli, nilitoka nimefurahi. Kumbe kosa ni langu! Basi ninyamaze tu, mambo yaishe. Nikakaa kimya kama niliyemeza kufuli. Wakapima, wakangoja, wakapima tena. Muuguzi akafungua mlango, akasema polepole, "Si wewe, babu."

Sijawahi kusikitika hivyo kwa kuonekana sina hatia.

Ndipo wakamtoa damu ya kipimo kingine. Nilivyoelewa kwa shule yangu ya kukatisha, kondo la nyuma humwaga vitu viwili katika damu ya mama: kimoja kinajenga mishipa, kingine kinamzuia mjenzi. Wanaangalia nani kamzidi mwenzake. Mzuiaji akizidi sana, hatari iko karibu hata kama mama anajiona mzima. Nikamwambia muuguzi hiyo ni ndoa yangu kabisa. Hakucheka.

Jibu lilitoka alasiri: mjenzi bado ana nguvu. Nikainuka nipige kigelegele, daktari akanikalisha. Presha ipo palepale, dawa aendelee nazo, na jibu hilo linatutuliza kwa wiki hii tu. Jumanne ijayo sindano tena. Yaani tunaazimwa pumzi wiki kwa wiki, ndugu yangu. Nimechoka hadi kivuli changu kinatafuta pa kukaa.

Wasalimie shemeji, wale mapacha wasiosikia la mtu, na jirani yako kinyozi mmbea. Mungu akunyooshee mgongo, na awape nyote usingizi wa watoto wachanga walioshiba.

Sasa, deni langu. Ulipovunja redio ya baba, nani alisema ni yeye? Nani alichapwa? Sikukudai kitu mpaka nimeota mvi. Huyu mchumba ameshazimaliza hadithi zangu zote. Siku hizi ananichekea kwa huruma. Jumatatu jioni mpigie simu, umsimulie ile ya redio, na useme ukweli ni nani aliyeivunja. Acheke sana siku hiyo. Kesho yake mimi nitakuwa nje ya mlango, kimya.

Wako akupendaye,
kaka yako aliyechapwa badala yako.