Jina Nililoshindwa Kuliita

Mama Simiyu, mke wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na watoto. Je, kifua cha Simiyu kimepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Keti kwanza, kisha usome.

Unajua hapa chuoni Kitale tunasomea usimamizi wa wafanyakazi: kuandika watu kazi, kuwagawia zamu, kusikiliza mashauri yao. Mwalimu wetu Mzungu hachoki kusema, "Mfanyakazi aitwe kwa jina lake. Hiyo ndiyo heshima ya kwanza." Nasi huitikia kama tuko kanisani.

Juma lililopita tulipelekwa kwenye shamba la setla mmoja wa Kizungu, ng'ambo ya mto Nzoia, tukajifunze kwa vitendo. Asubuhi nikasimama mbele ya vibarua wanawake, majembe mikononi, niite majina kabla hawajaenda kupalilia mahindi. Nikafika kwenye jina moja, ulimi ukagoma. Nilipoinua macho, mama yako alikuwa amejifunika leso usoni, amenipa mgongo.

Najua alikuambia anakwenda kwa kaka yake Kimilili. Kumbe ghala lake lilikuwa tupu, akaona haya kukuomba na mumeo yuko masomoni. Hayo niliambiwa baadaye na mama mmoja wa Chwele aliyekuwa akilala naye kibanda kimoja.

Basi nikaliruka jina lake. Nyapara akanishika bega.

"Karani, umeruka mmoja."

"Ita wewe. Huyo ni mama mkwe wangu, na kwetu mkwe hataji jina lake."

"Ati mkwe? Si hapa ni kazi, bana! Mambo ya nyumbani wacha nyumbani."

Akaliita kwa sauti, tena na tena. Angeitikaje mbele yangu? Aliweka jembe chini, akaingia kwenye mahindi, akaenda zake. Yule setla akasema amekataa kazi, nafasi yake apewe mwingine. Nikamweleza mwalimu desturi yetu, nikamsihi. Akanijibu kwa upole kwamba nina moyo mzuri, lakini kazi haina wakwe.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Kumfuata sikuweza, mtu hamkimbilii mama mkwe wake njiani. Nilimtuma yule mama wa Chwele na blanketi langu, akarudi nalo, hakumkuta. Nililia, Mama Simiyu, mtu mzima mimi.

Mtafute, tafadhali. Anzia Chwele siku ya soko, halafu nenda kwa mjomba wako. Ukimpata usimgombeze.

Nisalimie baba, na shangazi yule wa mguu mbaya, na mzee wa kanisa aliyetuombea nilipoondoka. Dada yako asiambiwe kwanza, maana mimba yake bado changa.

Uliniuliza likizo nitafika lini. Sitafika. Mama yako hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake, na kwake hakuna chakula. Basi kuanzia leo nyumba yetu ni yako peke yako, akae nawe humo. Mwambie mama kwamba mume wako hana nyumba Bungoma. Nitabaki huku chuoni mpaka avune shambani kwake.

Mimi wako,
Barasa