Mkia wa Jogoo Kutoka Sengerema

Jumanne, mvua imekata

Huyu jogoo si wa Anastazia. Nimemgeuzageuza mpaka macho yanauma.

Tangu tuanze kuchorea vitabu vya watoto, yeye Sengerema na mimi hapa Mwanza, tunatumiana michoro kwa kivuko. Mmoja anachora kichwa, mwenzake anamalizia mkia. Barua hatuandikiani, mchoro unatosha. Leo mkia umekuja unatetemeka, na manyoya yamelalia upande ambao yeye halazi kamwe. Nikadhani kampa mtu mwingine kazi yetu. Nikampigia simu nimgombeze.

"We mama, nani kaniharibia jogoo?"

"Mimi. Mkono wa kulia umekufa ganzi tangu niugue. Huo ni wa kushoto."

"Na ukanyamaza?"

"Ungetafuta mchoraji mzima."

Mjinga kabisa huyu mwanamke! Nikamwambia mkia wake ni mbaya, arudie. Akacheka, nami nikapumua.

Ila najiuliza, mkono ambao haujafundishwa unaijuaje njia? Nimejaribu wangu wa kushoto. Nimechora kichwa cha bata, kimetoka kiazi.

Kesho kichwa hicho kinavuka hivyo hivyo. Amalizie, tuone nani mbaya zaidi.