Mita Thelathini

Komarock,
Nairobi.
9 Juni 2025

Mpendwa kaka Jackton,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hamjambo huko Doha, na hilo joto lenu limefika wapi sasa? Wifi yangu Aluoch mgongo umepona? Mimi ni mzima. Mama anasumbuliwa na magoti kama kawaida, na Baba anaendelea, ingawa ukimwona utasema ameongeza miaka kumi tangu Pasaka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unamjua mzee. Simu yako ikiingia anataka iwekwe kwa spika, naye akae katikati.

Huku kwetu bomba la maji taka bado halijafika, kila nyumba ina tangi lake chini ya ardhi. Mwezi wa nne homa ya matumbo iliingia mtaani, ikamchukua Tiffany, mtoto wa jirani yetu Triza. Alikuwa na miaka sita.

Baada ya hapo maafisa wa afya wakapita nyumba kwa nyumba. Kila mwenye nyumba alitakiwa kuonyesha kibali cha tangi na tarehe lilipofyonzwa mara ya mwisho. Majirani walihangaika. Baba alitoa faili lake la plastiki, akawapa na viti. Unajua anavyoringia karatasi zake, mtu wa reli yule.

Kibali kinasema kisima chochote kiwe mbali na tangi, 30 m. Mwaka ule wa ukame alipochimba kisima, Baba alisoma thelathini akapima futi. Nitamlaumu vipi? Huku ploti ni arobaini kwa themanini, mlango ni saba kwa tatu, na hakuna anayetaja futi kwa sababu hatuna kipimo kingine kichwani. Afisa alivuta utepe akapata mita tisa. Mita thelathini hazingeenea hata kwenye ploti yetu yote, kwa hiyo kisima hakikupaswa kuwepo kabisa. Maji yalipelekwa maabara, yakapatikana na uchafu wa choo.

Majibu niliyapokea mimi. Baba ameambiwa tu kwamba sheria ya umbali imekazwa na kisima kitafukiwa.

Unakumbuka alivyokataa kuuza maji yale. Mtaa mzima ulichota bure, na Triza zaidi ya wote, maana lango lake linatazamana na letu. Nilienda kwake roho mkononi, nikamweleza yote. Alifuta meza ambayo haikuwa na kitu juu yake, kisha akasema, "Mzee asiambiwe. Alikuwa anatupea maji ya bure." Kaka, ningefurahi zaidi angenitukana.

Jumamosi lori tatu za kifusi zilimwagwa. Baba alisimama pale, kofia mkononi, mpaka kazi ikaisha. Tulipoingia ndani akaniuliza, "Perez, yule mtoto wa Triza alikuwa anakunywa maji ya hapa?"

Nikamwambia hapana, walikuwa wakinunua ya mitungi. Sikuwa nimewahi kumdanganya mzee jambo kubwa. Hakuniuliza tena, ila tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na namwona akitazama lango la Triza. Mama anajua, naye amenyamaza. Baba akiujua ukweli hatumalizi mwaka naye, hilo sina shaka nalo.

Jumapili atakupigia. Atakuuliza na wewe, kwa kuwa ulikuwa hapa Krismasi nzima, ukikaa kwenye kibaraza kile asubuhi. Najua ulimwona Tiffany akija na kidumu chake, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimjazia. Nisamehe kwa kukuandikia hivyo.

Sema hukumwona.

Mama anakusalimu, na baba mdogo Owuor wa Dandora pia. Mkumbatie Aluoch na watoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde huko mliko, na atuhurumie sisi wa huku.

Mimi dada yako nikupendaye,
Perez