Walitulaza Nyumba Moja na Waliogoma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa nje kwenye jua la asubuhi na mguu umepungua kuuma. Mama naye, lile jino ameling'oa au bado anaogopa koleo? Mimi ni mzima wa mwili, chakula nakula, hata kitambi kimeanza kujitokeza. Mama Wakesho anasema mmepata mvua kidogo. Nimefurahi.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako ni ya kijiji kizima. Ujumbe ukiingia, kwa kuwa herufi zake ndogo huzioni, mke wangu anakusomea na majirani wanachangia. Barua atakuletea Mwanaisha, dada wa Kwale aliyekuwa akifanya kazi ya nyumbani hapa Jeddah na sasa mkataba wake umekwisha. Mpe chai, usimhoji sana, amechoka. Isome peke yako.

Unajua kwamba tangu Wakesho aposwe nimekuwa nikiomba likizo ya mwezi mmoja nije nimwoze binti yangu. Huku mtu hatoki nchini mpaka kafili, yule tajiri aliyekuandika, akubali, na pasipoti yangu imefungiwa kabatini kwake. Kila nikimwuliza meneja wa kampuni yetu ya usafi kule Riyadh, tunayemwita mudiri, jibu lilikuwa "baadin", yaani baadaye. Nimeisikia hiyo baadin hadi naiota. Halafu siku moja akaniita mwenyewe, akanikaribisha kiti, akanimiminia kahawa. Hapo tu ningepaswa kushtuka.

Alisema Jeddah kuna kazi nyingi ya usafi kwenye maduka makubwa. Niwapeleke watu kwa basi ninaloendesha, nikae nao mwezi mmoja, na kwa kuwa mimi ni mtu mzima na Wakenya wenzangu wananisikiliza, nihakikishe kila asubuhi wanapanda basi. Nikifanya hivyo atatia saini likizo yangu. Nilimshukuru sana. Nilitoka pale nikifikiria suti.

Basi lilijaa vijana wetu waliokuwa wakiishi upande wa Manfuha, huko kusini mwa Riyadh. Nyuma yangu alikaa Mutiso wa Machakos, ambaye mdomo wake haupumziki. Aliongea jangwa zima, akanyamaza tulipoanza kuteremka milima ya Taif kwa sababu ya zile kona. Jioni tukafika Bani Malik, mtaa wa zamani wa Jeddah, nyumba zimebanana na kila dirisha lina nguo za wageni. Kwenye ngazi za nyumba tuliyoonyeshwa walikuwa wamekaa wanaume wengi, Wabangladeshi na Wanepali, wamevaa kanzu na shuka za kulalia, wanatutazama mabegi.

Hao ndio waliokuwa wafagiaji wa yale maduka. Walikuwa wamegoma. Kampuni iliacha ikama zao zikaisha muda, na bila ikama, kile kitambulisho cha ukaazi, ukitoka barabarani polisi wanakubeba. Mwenzao mmoja alilala na homa wiki nzima akiogopa kwenda hospitali. Ndipo wakasema, hakuna ikama, hakuna kufagia. Kampuni ikawakatia maji, wakawa wanachota msikitini. Ikawaita mmoja mmoja pembeni na kumwahidi kila mmoja unyapara, jioni wakakutana wanyapara watupu wakacheka. Yote yaliposhindikana, tukaletwa sisi.

Baba, nilikumbuka ulivyonisimulia habari za babu kule shamba la mkonge, katikati ya zile vita mbili za Wazungu, wakataji walipoweka visu chini kwa sababu kipimo cha kazi ya siku kilizidi kuongezwa. Ulisema bwana shamba hakupiga kelele. Aliwaendea wenzake wa mashamba mengine, wakapatana kwamba aliyegoma asiandikwe popote, kisha akaleta watu kwa treni kutoka mbali, wasiojua hata neno moja la Kitaita. Hao aliwajengea kambi ya pili ng'ambo ya korongo na kuweka askari katikati, wasikutane na akina babu hata kisimani. Babu hakumjua hata mmoja wao kwa jina, na aliwachukia mpaka anakufa.

Kampuni yetu mbinu hizo inazijua zote, ila ni bahili. Kodi ya nyumba nyingine iliwauma. Waliona kuna vitanda vitupu palepale kwa waliogoma, wakasema tulale humo.

Mimi nilijiandaa kwa ngumi. Lakini akainuka mmoja, Rafiq, mtu mfupi mwenye ndevu zilizopakwa hina, ndiye kiongozi wao. Akauliza, "Kenya?" Tukaitika. Akasema, "Taal, taal. Awwal akl, baadin kalam." Njooni, chakula kwanza, maneno baadaye. Walikuwa wamepika wali na dengu, wakamwaga kwenye sinia, tukakaa chini tukazunguka, mikono yao na yetu mle mle. Tulipokwisha kunawa ndipo Rafiq akatueleza mambo yote, kwa Kiarabu kile chetu cha kuokota, mafi hiki, mafi kile, yaani hakuna hiki, hakuna kile. Hakutuomba chochote. Afadhali angetuomba.

Asubuhi nikapasha basi moto mlangoni. Hakushuka mtu. Nikapanda kuwaangalia, nikamkuta Mutiso amekaa kitandani na sare mpya mapajani.

"Mzee Daudi, hawa wasee wametulisha jana," akaniambia. "Sasa nichukue ufagio wa Rafiq akiniangalia? Zi, siwezi. Na ikama yangu pia iko karibu ku-expire, nani atanigomea mimi?"

"Nimekuuliza kitu?" nikamjibu.

"Wewe ukisema twende, hawa wote wataenda. Unajua hivyo."

Nilijua. Nikarudi kwenye basi, nikakaa. Simu ikalia, mudiri. Akaniambia nipande juu niseme nao kama baba yao, na akaniuliza harusi ni mwezi gani vile. Nilimwambia Disemba. Kisha nikazima injini. Nilimweleza kwamba dizeli inaungua bure, na hiyo ndiyo sababu niliyompa. Baba, nilimwona Wakesho wazi kabisa, amesimama kanisani anaangalia mlangoni, na roho iliniuma vibaya. Lakini sikupanda kusema nao. Nilipanda kunywa chai.

Maduka yalikaa machafu mpaka wenye maduka wakamjia juu kafili. Haukupita muda mrefu ikama zikatoka, za watu wa Jeddah zote, na ya Mutiso ikiwamo. Walicheza ngazini mpaka mwenye nyumba akaja kulalamika.

Baada ya hapo kampuni ikaanza kuchambua, polepole, bila hasira, kama mtu anavyochambua maharagwe. Rafiq aliitwa wa kwanza, akarudishwa kwao. Halafu mimi. Nilikuta pasipoti yangu mezani, imeshapigwa huruji nihai, kutoka kusikokuwa na kurudi. Mudiri alikuwa mpole tu. Alisema, "Si ulitaka harusi? Nenda." Niliomba mwezi mmoja, nimepewa moja kwa moja. Tikiti ni ya siku chache baada ya Mwanaisha kusafiri, kwa hiyo harusini nitakuwepo, nimevaa na nimechana. Nina furaha, na nina hofu. Dereva wa umri wangu, sijui nani ataniandika huko.

Nisalimie Mama, na shangazi muuza mboga wa Mwatate, umwambie baibui aliloniagiza, la kuwaazimisha watu, nimelipata. Msalimie shemeji fundi wa viatu, na mchungaji, na yule kijana anayemwoa mjukuu wako, ambaye bado sijamwona uso. Mke wangu nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo, harusi ikishapita.

Jambo moja, Baba. Siku hiyo kila mtu ataniuliza narudi Saudia lini, na mimi uso wangu hauwezi kuficha. Kaa karibu nami ujibu wewe. Najua uongo hujauzoea. Sema narudi baada ya Krismasi, useme kwa sauti, Wakesho asikie.

Mwanao,
Daudi