Shali Iliyokwenda Kilmore Nyingine

Dada Wambui,

Habari za hapo nyumbani? Mimi ni mzima, ila jua la Jebel Ali halina adabu.

Msimamizi wa ghala letu, sir Declan, ni Mwairishi. Miezi miwili iliyopita alinipa shali nimtumie mamake kijijini Kilmore, akaniambia jina hilo maana yake ni kanisa kubwa. Nikaona anwani ndefu ni ya nini? Si hata barua zetu hupitia kanisani, majina yakasomwa kwenye matangazo? Nikaandika jina la mama, Kilmore, Ireland, na chini yake: "kutoka kwa mwanao, Dubai", pamoja na sanduku letu la posta.

Kumbe kwao Kilmore ziko kila upande, kama Majengo kwetu. Na jina la mamake ni la kawaida, kama Mary Wanjiku.

Jana ikaja barua ya bibi mmoja wa Kilmore nyingine. Padri alisoma jina, naye akasimama akapokea. Anamshukuru mwanawe, ambaye hajamwandikia tangu aondoke. Anasema shali haivui hata akipika.

Nikangoja kufukuzwa. Sir akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Khalas, yamekwisha," akasema. "Nunua nyingine. Hiyo mwachie, na usimweleze chochote."

Ya pili nimeiandikia parokia, kaunti, hata rangi ya mlango.

Kadi hii nayo nimeiandikia Majengo ya Nyeri, kwa herufi kubwa. Wabusu watoto. Na kama unayesoma si Wambui, usiirudishe. Mwanao ni mzima, mama, ni kazi tu.

Kamau