Herufi ya Nne ya Jina la Yona

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini nikianza bila hiyo nitajiona nimeingia kwako bila kupiga hodi, na wewe ungeninyamazia hadi nitoke nje niingie upya.

Nakuandikia mchana. Mvua inanyesha, wakubwa wako shule, na huyu mdogo amelala mgongoni kwangu maana nikimlaza kitandani anaamka. Mwandiko ukipinda mahali ujue ni yeye kageuka. Nimechoka, Baba. Kulima nimezoea, na kuamka kunyonyesha nimezoea. Uchovu huu ni wa kubeba neno miaka mitatu bila kupata mahali pa kulitua. Leo nalitua kwako, ingawa nimeshalisema mbele za watu, na wewe ndiye ulipaswa kulisikia kwanza.

Habari za nyumbani ni hizi. Ni miezi minne tangu tukuzike. Kibanja kiko safi, isipokuwa upande wa bondeni ambako migomba mitatu imeangushwa na upepo. Redio yako imekufa betri na hakuna aliyezibadilisha, kwa sababu hakuna tena wa kugombana nayo. Mama anaamka saa ile ile uliyokuwa ukiamka kuomba. Haombi kwa sauti. Anakaa tu kitandani, miguu chini, mpaka kupambazuke.

Sasa nije kwa Yona.

Kaka alipopanda lori la wanamgambo kwenda vita vya Kagera alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi nilikuwa darasa la kwanza. Nakumbuka visigino vyake vyenye nyufa na jinsi alivyoniambia, "Usilie, nitakuletea viatu." Vita vikaisha. Wenzake wakarudi, mmoja bila mkono, mwingine na mke wa Kiganda. Yeye hakurudi, wala haikuja barua, wala hakutokea mtu wa kusema, nilimwona akianguka pale.

Wazee wa ukoo walikuambia mara ngapi tuzike shina la mgomba kwa niaba yake, kama inavyofanywa mwili ukikosekana, ili Mama alie, tukae matanga, tuanue, yaishe? Wewe mwinjilisti ulikuwa ukijibu jibu moja. "Simziki mtu ambaye sijaambiwa amekufa." Mama akawa hana ruhusa ya kulia. Akikumbuka alikuwa anakwenda kisimani na kurudi macho mekundu, na sisi sote tunasema ni moshi.

Kisha ukachoka. Nakumbuka siku uliyosema, "Basi. Tukishaanika kahawa, tutamlilia mwanangu." Mama alikwenda siku hiyo hiyo kuwaambia dada zake wa Kiruruma.

Kahawa haijakauka, semina ikaja Kituntu. Yule mwalimu kutoka Nairobi, mwenye suti ya kijivu na kikohozi, alisema Mungu ameficha majina ya watu ndani ya Kiebrania cha Torati. Ukihesabu herufi kwa kuruka, kila ya tano au ya saba au ya kumi na moja, yanatokea. Akasema wasomi wa ng'ambo wameyaona kwa kompyuta, majina ya watu waliozaliwa maelfu ya miaka baada ya Musa. Akakuachia kurasa sita za Mwanzo zilizotolewa fotokopi, na chati ya herufi zao, na orodha ya maneno ishirini: uzima, kifo, vita, mwana, nyumba. Ulirudi nyumbani ukitembea kama kijana. "Koku, mimi nina mtoto wa jicho, wewe una macho. Utakuwa katibu wangu." Na kwa Mama ukasema kilio kingoje kidogo, uangalie kwanza.

Nilibishana na wewe, hilo nalo ulikumbuke. Nilikuuliza, "Baba, Mungu akitaka kutuambia kitu, mbona atufiche?"

Ukacheka. "Wewe si unawaficha watoto karanga?"

"Nawaficha ili wale kesho, siyo ili wasizione mpaka waote mvi."

"Haya, katibu. Hesabu."

Mchungaji naye alikuja, yeye aliyekisoma Kiebrania chuoni, akakaa kwenye kigoda chako akakueleza taratibu. Alisema nakala za zamani hazilingani herufi kwa herufi. Ikipungua moja tu mahali, hesabu yote inayofuata inahama. Ukamjibu, "Basi Mungu ameilinda hii yangu." Na ile yako ilikuwa na doa la wino kubwa kama kwato! Mchungaji alicheka hadi akafuta macho, na wewe pia. Lakini alipoondoka ulisema, "Yule hana mtoto aliyepotea."

Tulihesabu miezi miwili, wewe na mimi na rafiki yako Mzee Rwegasira, kulia kwenda kushoto kama wanavyosoma wao. Naweka punje ya harage juu ya kila herufi ya saba, nakusomea jina la herufi kwenye chati, wewe unasema "endelea". Yona kwao ni herufi nne. Tulikuwa tunapata mbili. Siku njema, tatu.

Siku yenyewe nilitoka kwangu na mwanangu Asimwe ana homa, nimemkesha, nimekuja kwako kwa sababu uliniita. Alikuwa mapajani mwangu anaungua. Nikaweka punje. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ulikuwa umenishika mkono mmoja, Baba. Ya nne ikaangukia herufi nyingine kabisa. Ile tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa jirani yake, ya nane.

Nikasogeza punje.

Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Sikupanga. Nilitaka kwenda nyumbani na mtoto wangu. Nilitaka pia uache kutetemeka. Nikasema, "Ipo, Baba." Na kwa kuwa herufi mbili za uzima nazo zilikuwa karibu, mstari wa chini yake, Mzee Rwegasira akazisoma mwenyewe kwa sauti: "Hai! Yona, hai!" Ulipiga magoti kwenye sakafu. Ulimwita Mama. Alikuja na kisu mkononi, alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Asante Yesu," akarudi kwenye ndizi zake.

Kilio kikafutwa. Ukawa mtu mwenye furaha, na mimi nikawa mtu mwenye siri. Miaka mitatu ulikuwa unakwenda barabarani watu wakipita kutoka upande wa mpakani, unawatazama nyuso. Ulikufa kwa kifua chako kile ukiniambia, "Akija, mpeni upande wa bondeni." Nikasema ndiyo.

Wiki moja baada ya kukuzika nilizitoa zile kurasa. Nilitaka kuhesabu bila mtu wa kunitazama usoni. Kwa saba, ya nne haikuwa yake, kama siku ile. Nikaanza mahali pengine, kwa tano, kwa tisa, kwa kumi na moja. Baba, nilimpata Yona. Nilimpata mara tatu, bila kusogeza chochote. Pembeni ya mmoja kulikuwa na neno la uzima. Pembeni ya mwingine kulikuwa na neno la kifo. Nikatafuta Simba, mbwa wetu, kwa herufi zinazokaribia. Na yeye yumo, mara mbili.

Hapo nikaelewa jambo ambalo sikuweza kukujibu ulipokuwa hai. Karatasi ile haijui habari za Yona. Ukiijia na matumaini itakupa matumaini, na ukiijia na msiba itakupa msiba, maana herufi ni nyingi na zile za jina lake ziko kila mahali, kama kwetu a na i.

Nilinyamaza bado. Nilijiambia niache tu, Baba amekwenda na furaha yake.

Lakini Mama aliwaita wazee Jumapili moja akasema anataka kumlilia mwanawe. Mzee Rwegasira alikuja na kurasa zako, alizoziomba kwangu, chini ya kwapa. Akasimama barazani akasema kwa upole, unamjua, hana ubaya, kwamba kumzika aliyetajwa kuwa hai ni kumwita Mungu mwongo. Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Aliyehesabu ni huyu. Aseme. Nilie au nisilie?"

Mtoto alikuwa ananyonya. Nikamtoa titi, akalia, nikamrudishia, na nikasema yote. Punje, ya nane, homa, yote.

Mzee Rwegasira akatikisa kichwa. "Mkono wako uliongozwa, mwanangu. Mungu anaweza kutumia hata kosa."

"Mzee, na Simba je? Yumo mara mbili. Mbwa naye katabiriwa?"

Baba mdogo akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Mzee hakukasirika. Akasema labda mbwa wote wametajwa, nani ajuaye upana wa Neno.

Nikamuuliza, "Nikipata ni ishara, nikikosea ni ishara, nikikuta uzima ni kweli, nikikuta kifo utasema tuhesabu tena. Basi niambie, Mzee wangu, ingetokea nini kwenye karatasi hiyo ili wewe useme, hapa hayumo?"

Aliziweka zile kurasa kwenye kigoda chako. Kisha akasema jambo lililoniumiza kuliko matusi. "Baba yako alikufa anatabasamu kwa ajili ya punje hiyo."

Nikasema, "Ndiyo. Ndiyo maana nimenyamaza miaka mitatu. Na miaka hiyo Mama ameilipa yeye."

Mama aliinuka akanijia. Nilidhani atanipiga, nikamfunika mtoto kichwa. Alisema tu, "Miaka mitatu, Koku." Akageuka, akateremka uani, akakaa chini kwenye udongo, akafungua sauti. Baba, sikujua mama yetu ana sauti ile. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna aliyekufa sasa hivi. Dada zake walifika kesho yake bila kuitwa mara ya pili.

Tulizika shina Jumamosi, upande wa bondeni, pale pale ulipotaka apewe. Mchungaji aliomba. Hakusema Yona amekufa, alisema, "Bwana, wewe unajua alipo, sisi hatujui." Nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu na mimi sijui. Hatukuzika kwa kuwa tumepata habari. Tumezika kwa kuwa Mama amechoka kungoja akiwa amesimama.

Zile kurasa nilimpa mchungaji. Alisoma mstari wa juu kwa lugha yao, akanifasiria: hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi. Akaenda na kidole mpaka pale palipokuwa pameandikwa nuru. Miezi miwili, Baba, tulikuwa tumepaziba kwa maharage. Nilikasirika, halafu nikakuonea huruma, halafu nikajionea mwenyewe.

Mama hakusema nami siku nne. Siku ya tano alimtuma dada mdogo aniite nimsaidie kumenya. Tulimenya. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Alisema ndizi za mwaka huu ni ndogo.

Ninakuomba radhi, lakini siyo kwa yote. Kwa kukudanganya, ndiyo, nisamehe. Kwa kusema kweli mbele ya rafiki yako wakati wewe huna tena mdomo wa kujitetea, hapana, hapo sitaomba. Ulinifundisha kusoma ukinishika kidole, na ulikuwa ukinipiga kofi dogo nikikisia neno badala ya kulisoma. Siku ile kwako nilikisia. Ulipaswa kunipiga kofi.

Mtoto ameanza kuamka, lazima nifunge. Kwa heri, Baba. Lala bila wasiwasi na kibanja, tunakiangalia. Ahadi yangu ni hii: mtu akiniuliza nisilolijua nitamwambia sijui, hata kama ameshika mkono wangu, hata kama anatetemeka.

Na kuhusu kaka. Kama yuko huko uliko, umeshamwona na umeshaambiwa kuliko ninavyoweza kukuambia mimi. Kama hayuko, na siku moja akasimama mlangoni, nitamwambia kwamba tulimlilia na tukamzika. Nitamwonyesha mahali. Nitamwomba radhi, kisha nitampikia.

Binti yako,
Kokugonza