Friji la Kampuni

Jumatatu, 7 Julai
Friji limefika! Jekundu, refu kuliko mimi, limeletwa na lori kutoka bohari ya Makambako. Mtaa mzima wa Ramadhani umekuja kushangaa. Hilary, afisa mauzo wa Mbega Cola, kasema sasa mimi ni wakala kamili. Masharti: soda zao tu, ziuzwe baridi, na liwake muda wote. Mbega ni ya pili nchini, kasema, mwakani itakuwa ya kwanza. Nikamwambia hongereni. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi ya Njombe.

Jumatano, 9 Julai
Nimeuza soda mbili za friji. Zote kwa Hilary.
Wengine wanataka za beseni, zilizochovywa kwenye maji ya moto. Bibi Kristina akitoka misa hupitia yake, anakunywa taratibu kama uji. Leo nimempa ya friji kwa majaribio. Kaishika, kanirudishia, kaniuliza kama tumegombana.

Ijumaa, 11 Julai
Nimelizima. Linakula umeme bure. Ndani nimepanga mikate — inapendeza kweli!

Jumatatu, 14 Julai
Balaa. Hilary kapiga simu: bosi wa Dar anakuja kesho. Kwenye ramani yao ya mauzo nchi nzima ni bluu, Njombe tu ndiyo nyekundu, yaani haiuzi, anataka kujua kwa nini. Akikuta friji limezimwa, linahamia kwa Severini, mwenye duka ng'ambo ya barabara, na uwakala nao. Severini! Ataringa mpaka Pasaka. Naogopa, sifichi. Bila uwakala narudi kuuza chumvi na viberiti.

Jumanne, 15 Julai
Nimeliwasha alfajiri, mikate iko kitandani. Bosi kaja na shati la mikono mifupi, maskini. Kafungua friji, kasifia. Nikapumua.
Ndipo akaingia Bibi Kristina. Kamwene, kamwene, tukasalimiana. Akaomba yake ya beseni. Hilary akanikazia macho.
"Leo ziko za friji tu, bibi," nikasema.
"Basi naenda kwa Severini. Na yeye siku hizi anachemsha maji."
Severini! Tangu lini?
Bosi akauliza maji ya nini. Nikachoka kudanganya. Nikavuta beseni kutoka chini ya kaunta, nikampa chupa moja.
Sasa wako mlangoni. Mimi najifanya naandika mauzo. Hilary anasema masharti ni masharti, friji lipakiwe.  Bosi ameishika chupa kwa mikono miwili, kaibana shavuni. Hilary kanyoosha mkono aipokee — bosi hajaiachia.